Huyu wa Tano

Ukurasa wa Alhamisi ile katika daftari langu uko mtupu. Mimi ni mtu wa kuandika kila jioni, hata kama ni mistari miwili tu (mvua imenyesha, barabara ya Bondo ina vumbi, kichwa kimeuma), na nimefanya hivyo tangu nilipoacha shule kidato cha pili, lakini siku ile nilikaa na kalamu mkononi nikaandika neno moja, "tairi", halafu nikaona hata hilo neno linanicheka, nikafunga daftari. Sasa nimegundua kwamba aibu usipoisimulia mwenyewe watu watakusaidia kuisimulia, na pale soko la Kisian kila mtu anaongeza chumvi yake, juzi nimesikia wanawake wamefika saba. Kwa hivyo wacha niseme mimi, kwa haki, na pale nilipokosa nitasema nilikosa (ni karibu kila mahali).

Kazi yangu ni kusambaza sabuni na viberiti kwa maduka, kutoka Kisian mpaka Kombewa mpaka Bondo, na gari langu dogo jeupe ambalo rangi yake siku hizi ni ya barabara. Mke wangu, Mama Awuor, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Kisian, siku sita kwa wiki. Wiki ile ndugu yake mdogo, Otieno, alikuwa anavaa joho la digrii chuo kikuu kule Bondo, siku ya Ijumaa, na kwao Kombewa hakuna mtu aliyewahi kuvaa hilo joho, kwa hivyo familia ikafungua grupu kwenye simu ya kupanga mambo. Kazi yangu katika grupu ilikuwa moja, gari. Nimchukue mama mkwe na wenzake nyumbani Kombewa niwafikishe Bondo kwa heshima. Mama Awuor alitangulia kwao tangu Jumatatu kusaidia mapishi, nikabaki peke yangu na gari, na hapo ndipo mtu kama mimi hufikiria sana.

Jumanne nikalipeleka gari kwa Fundi Karanja, pale Kisian njia ya Bondo inapoachana na ile ya Busia. Karanja ni mtu wa Murang'a, ameishi hapa miaka mingi, lakini Dholuo chake ni cha salamu na cha kukataa kupunguza bei, kwa hivyo tunaongea Kiswahili, yeye chake na mimi changu, na hakuna kati yetu aliyezaliwa nacho. Nilimwambia azungushe matairi, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, ili yaishe sawasawa. Akainua gari na jeki, akapiga kila tairi kofi kama mtu anayechagua tikiti maji, akasimama kwa lile la mbele kushoto.

"Mzee, huyu ameisha. Kipara kabisa. Hata ukimzungusha, unampeleka tu afie nyuma."

Nikafungua buti nitoe spana, nikaliona lile la tano. Niseme ukweli, nilikuwa nimelisahau. Matairi yote matano niliyanunua siku moja, miaka minne iliyopita, manne yakaingia barabarani na hilo moja likaingia kwenye buti, likafunikwa na katoni za sabuni, na hapo limekaa. Lilikuwa bado na zile nywele ndogo za mpira ambazo tairi huja nazo likiwa jipya.

"Fundi," nikamwambia, "na huyu?"

"Huyo ni spea."

"Najua ni spea. Nauliza mbona yeye haingii kwa zamu."

Karanja akafuta mikono kwenye ovaroli, polepole, vile mtu hufanya akitaka kukuheshimu kwanza kabla hajakukatalia. "Spea kazi yake ni kulala, Mzee. Analala ili siku ya shida aamke."

"Miaka minne amelala."

"Basi una bahati."

Ili niwe wa haki lazima niandike alivyosema yote, kwa sababu baadaye alionekana ana akili kuliko mimi. Alisema kuna watu wanaingiza spea kwenye mzunguko, na sio vibaya, mpira ukikaa tu bila kazi nao unakauka na kupasuka, na matairi matano yakibadilishana yote yanadumu zaidi. "Lakini hao wanaanza zamani," akasema, "wakati wote ni wapya. Wewe ungeanza zamani ningekuunga mkono. Saa hii ukimweka huyu hapa kushoto, na mwenzake wa kulia ameisha, mmoja mrefu, mmoja mfupi, gari itakuvuta. Na ukipata pancha njiani utaweka nani?"

Nikamwambia nitafikiria nimpe jibu.

Sasa mtu mwingine angefikiria mpira na barabara. Mimi nilifikiria mama yangu. Baba yangu alikuwa na wake watatu, mama alikuwa wa tatu, na zamu ya nyumba yetu ilikuwa inarukwa. Jioni tulikuwa tunasikia kengele ya baiskeli ya baba ikija, mama anasimama, anapangusa kiti, halafu kengele inapita inaenda nyumba kubwa, na mama anaketi mwenyewe kwenye kile kiti kama kwamba alikuwa amejipangusia. Kwa hivyo mimi nikiona kitu kimewekwa kando huku wenzake wanaitwa, moyo wangu unafanya mambo yasiyo na akili. Nilimwonea huruma tairi. (Nililionea. Nitafika hapo.)

Jumatano jioni, niko nyumbani nakula, nikafikia uamuzi, na kwa sababu vidole vyangu vilikuwa na ugali sikuandika, nilibonyeza pale pa kutuma sauti kwenye simu nikaongea. Nilidhani nimemfungua Karanja. Kumbe dakika hiyohiyo mtu alikuwa ameuliza kitu kule grupu ya Kombewa, grupu ikapanda juu kabisa ikakaa mahali pa Karanja, na mimi nikabonyeza mahali, sikubonyeza jina. Sauti ikaenda, na bando yangu ikaishia hapohapo. Maneno yenyewe nayajua kwa moyo, nimechezewa mara nyingi mno:

"Habari ya jioni. Lile jambo letu nimelifikiria siku mbili, na naona sio haki. Hawa wanne wamefanya kazi mpaka wameisha, huyo wa mbele amebaki kipara, na huyu wa tano nimemficha tu huko nyuma miaka minne, hajaguswa, bado ana nywele zake zote. Nimeamua. Kesho namtoa, namweka mbele, aingie zamu kama wenzake. Huyo kipara amechoka, tumpumzishe. Nitamleta asubuhi."

Someni tena. Hakuna gari ndani. Hakuna tairi. Hakuna hata fundi.

Mwalimu wangu wa Kiswahili, darasa la saba, alinisimamisha siku moja mbele ya wenzangu nikaimba "tairi hili, matairi haya, spea hii, spea hizi" mpaka kengele ikalia, na nilipotoka nje nikaona baiskeli ya mwalimu mkuu nikasema, "Huyu tairi ameshuka." Kwa Dholuo mtu ni "en", tairi ni "en", ng'ombe ni "en", hakuna anayebaguliwa, na Kiswahili chetu cha huku tumekibeba hivyohivyo. Mtu wa pwani angesema "hili la tano, nimelificha" na leo ningekuwa mtu anayeheshimika. Mimi nilisema huyu.

Na kuna jambo lingine ambalo sikulikumbuka kabisa nikiongea. Mama Awuor mwezi ule dawa ya nywele ilikuwa imemchoma, akanyoa zote, na alikuwa anafunga kitambaa hata akilala.

Alhamisi asubuhi nikafika kwa Karanja. "Umesikia sauti yangu?" Akasema hakuna sauti. Nikaona ni mtandao, nikamwambia kwa mdomo. Akatikisa kichwa, lakini gari ni langu, akafanya. Tairi la tano likaingia mbele kushoto. Lile kipara akalijaribu kwenye karai la maji akaona linavuja, akasema liache hapa nilizibe, utalichukua Jumamosi. Nikakubali, maana buti nilitaka kulijaza viti vya plastiki vya kanisa. Kwa hivyo nikaondoka Kisian bila spea, na sikuona ubaya wowote, nilikuwa najisikia kama mtu aliyetenda haki.

Mbele kwenye kiti cha abiria nilikuwa na sufuria kubwa ya kuazima, ile ya kupikia watu mia. Nikaiegemeza vizuri, nikaivika leso ya zambarau ya Mama Awuor isikwaruzwe, nikaifunga mkanda, na juu yake nikakalisha kikapu cha nyanya, nacho nikakifunika na kitambaa. Ilikaa vizuri sana. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Njia nzima usukani ulivuta kulia, kuelekea magari yanayokuja, vilevile Karanja alivyosema, na mimi nikaushika kwa mikono miwili nikiwaza hayo tu, tairi, tairi, tairi. Saa nane mchana nikaingia boma la Kombewa. Siku nyingine watoto wanakimbilia gari. Siku hiyo waliangalia gari, wakaangalia kiti cha mbele, wakaingia ndani.

Nilipewa kiti sebuleni. Chai haikuja. Mbele yangu akaketi Mzee Okelo, baba mdogo wa mke wangu, ambaye tangu baba mkwe afariki ndiye msemaji wa boma. Pembeni alikaa Otieno, mwenye digrii yake ya kesho, anaangalia sakafu. Mama mkwe alikuwa nyuma ya pazia, maana kwetu mama mkwe hakai na mkwe goti kwa goti, akiwa na neno hulipitisha kwa mtu mwingine, hata kama mko hatua tatu na unasikia kila kitu. Mama Awuor sikumwona. Nilisikia kisu kikikata viazi jikoni, kwa nguvu kuliko kiazi kinavyohitaji.

"Ora," Mzee Okelo akasema, ndivyo tunavyoitana sisi wakwe, "safari ilikuwaje?"

"Nzuri, Mzee. Inavuta kidogo tu."

"Inavuta."

"Upande wa kulia. Lakini nitazoea."

Akatikisa kichwa kama karani wa korti. "Kuna jambo tumelisikia. Kwamba yule wa tano umeamua kumtoa."

Mtaniuliza mbona sikushtuka. Jamani, nilikuwa nimefikiria kitu kimoja tangu Jumanne. Karanja ana wateja mpaka Bondo, nikaona habari imenitangulia tu, na niseme ukweli ingawa unaniuma, nilijisikia vizuri kwamba watu wazima wanajadili uamuzi wangu.

"Ni kweli, Mzee. Kumbe imefika."

"Imefika. Ulimtoa lini?"

"Leo asubuhi. Niliona sio haki kuendelea kumficha."

Nyuma ya pazia kitu cha bati kilianguka.

"Na hao wengine wanasemaje?"

Nikacheka kidogo. "Watasema nini, Mzee? Wamezoea kubeba."

Kisu jikoni kikanyamaza.

"Otieno," Mzee Okelo akasema bila kugeuka, "unasikia? Wamezoea." Halafu kwangu, kwa upole wa kutisha, "Na sasa huyu mpya yuko wapi?"

"Nimekuja naye. Yuko hapo nje, mbele kushoto."

Pazia likafunguka. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kuona mama mkwe akitembea kwa haraka, na macho yake sio mazuri, lakini alifika dirishani kabla ya sisi wote. Akachungulia gari.

"Amevaa leso ya binti yangu," akaliambia lile dirisha.

Mama Awuor akatoka kwa mlango wa jikoni na kisu bado mkononi (cha viazi, kidogo, sitaki kuongeza), akaenda moja kwa moja mpaka kwa gari, akafungua mlango, akavuta leso. Nyanya zikamwagika zikaingia chini ya gari, na sufuria ikabaki imeketi, imefungwa mkanda, inaangalia mbele.

"Ni sufuria," Otieno akasema.

"Naona ni sufuria," Mama Awuor akajibu. "Baba Awuor. Yuko wapi?"

Nami nikiwa bado mjinga wa kwanza Kombewa yote, nikanyoosha kidole kwenye gurudumu. "Si huyu hapa."

Mzee Okelo akainama na fimbo yake, goti likalia, akachungulia uvunguni. "Amejificha chini?"

"Mzee, tairi."

"Tairi imefanya nini?"

Hapo ndipo Otieno, kwa huruma nafikiri, akatoa simu na kuicheza ile sauti. Nilijisikia mwenyewe katikati ya boma la wakwe zangu, nikiwa na ugali mdomoni, nikisema hawa wanne wameisha, huyo wa mbele amebaki kipara. Nikamwangalia Mama Awuor. Akashika kitambaa chake kichwani. Ni kitu kidogo, mkono tu ulipanda ukagusa kitambaa, lakini kama ningeweza kuingia ndani ya ile sufuria na kujifunika ningeingia.

Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyooza. Nikasema ni matairi, nilidhani naongea na fundi.

"Tairi ina nywele?" Mzee Okelo akauliza.

"Ikiwa mpya, Mzee, zipo ndogondogo."

"Ora, mimi nimeendesha trekta. Tairi inaisha, haichoki. Wewe umesema amechoka, apumzike. Halafu ni nani asiyejua kwamba unalala njiani ukienda kuuza sabuni?"

Nimelala njiani mara mbili, mara zote mvua, mara zote ndani ya gari. Lakini nikaona kwa uso wake kwamba ameshawagawa wanawake wenyewe, mmoja Kisumu, mmoja Kisian, mmoja hapa njiani mahali, mmoja Bondo, na wa tano bado anatafutiwa kituo.

"Nitawaonyesha," nikasema. "Matairi ni matano. Mmoja ametoka, mmoja ameingia. Aliyetoka ni lazima awe kwa buti." Na kwa ujasiri wa mtu asiye na hatia nikafungua buti, nikatoa viti vya kanisa kimoja kimoja, watu wote wamesimama wanahesabu, nikainua kifuniko cha chini. Shimo. Vumbi, na kipande cha sabuni.

"Wa tano hayuko," Otieno akasema.

"Yuko kwa fundi," nikakumbuka. "Nimemwacha kwa fundi apumzike."

Mama mkwe akaugeukia ukuta. "Sasa anawaazima wanaume wengine," akauambia.

Nikaomba simu ya Otieno, nikampigia Karanja, nikaweka sauti kubwa kila mtu asikie. Nilisema tu, "Fundi, tafadhali waeleze wazee hapa, yule niliyekuachia asubuhi yuko wapi?" Nilitaka aseme neno tairi kwa mdomo wake mwenyewe, ili isiwe nimemwekea mimi.

"Yule kipara?" Karanja akasema, anapiga kelele kuishinda mashine ya upepo. "Yuko hapa Mzee, nimemlaza nyuma ya kibanda. Lakini nikwambie ukweli, huyo hafai tena. Nilimtumbukiza kwa maji akatoa mapovu pande mbili."

Mama mkwe akakaa chini kwenye kiti cha kanisa.

"Nikamkwaruza, nikampaka gundi, nikamjaza upepo," Karanja akaendelea, "sasa saa sita nimemwangalia, ameshuka tena mpaka rimu. Huyo ni wa kukatwa viatu tu."

Halafu Otieno akatoa sauti kama mtu anayebanwa na mfupa, akainama, akashika magoti. Mzee Okelo akasema polepole, "Rimu," kama mtu aliyepewa jibu la hesabu ya jana. "Ora. Ni tairi kweli." Na mama mkwe akaanza kucheka akiwa amejifunika uso na kanga, kile kiti cha plastiki kinatetemeka, na bila kuniangalia akamwambia Otieno, "Mwambie huyo mtu chai iko tayari."

Watu wakaingia ndani. Mimi nikabaki nikitoa nyanya uvunguni, na Mama Awuor akachuchumaa upande ule mwingine wa gari, tukawa tunaokota bila kuonana, nasikia mkono wake tu.

"Umeamini?" nikauliza.

"Nimeamini."

"Basi mbona hucheki?"

Akaokota nyanya mbili kabla ya kujibu. "Nimesikiliza hiyo sauti yako mara nne tangu jana. Mara ya kwanza nililia. Mara ya nne nikasema, huyu mwanamke, awe ni nani, amepata mtu wa kumfikiria siku mbili." Nikasikia nyanya ikipanguswa. "Kumbe ni tairi."

"Mama Awuor."

"Miaka kumi na moja mimi niko kwa ile omena, jua, mvua, Awuor mgongoni, Awuor tumboni. Hujawahi kuniangalia ukasema huyu amechoka, apumzike. Zamu yangu ya kukaa kwa buti ni lini?"

Nikatafuta jibu. Mimi ni mtu wa kutafuta pande zote mbili za jambo, na pale chini ya gari nilitafuta upande wangu, kwa haki, nikaona hakuna upande. Nikataka kumwambia nitaanza sasa, nikamkumbuka Karanja, ungeanza zamani ningekuunga mkono, nikafunga mdomo.

"Jumapili sijui kama narudi Kisian na wewe," akasema. "Niache nifikirie siku mbili." Akainuka na nyanya zake.

Ijumaa tukaenda Bondo. Kabla ya kuondoka Mzee Okelo akauliza mbele ya wote, "Ora, tukipata pancha tunaweka nani?" na mimi nikajibu kwa kuendesha polepole, mpaka baiskeli zikatupita. Pancha hatukupata, lazima niseme hivyo, barabara ilinihurumia. Mama mkwe alimwona mtoto wake ndani ya joho, au aliona kitu cheusi kirefu akaambiwa ni yeye, akalia vya kutosha. Mama Awuor alikaa mbele kushoto, juu kabisa ya wa tano, uso dirishani kutoka Kombewa mpaka Bondo na kurudi.

Jumamosi nilirudi Kisian peke yangu. Sikwenda kwa Karanja. Nilienda sokoni, nikafungua meza ya mke wangu, nikatandaza omena kama ninavyomwona akifanya (vibaya, wenzake walinipangia upya), nikakaa juani mpaka jioni. Sikumtumia ujumbe, mimi na sauti tulikuwa tumeachana. Lakini soko lina midomo, na Jumapili jioni nilipofika Kombewa kumfuata, nikiwa nimejiandaa kusema mbele ya wazee, Mama Awuor alikuwa tayari amesimama mlangoni na mkoba wake. Alininusa. Akasema, "Umekaa upande wa moshi wa wakaanga samaki, kila mtu anajua pale hapakaliwi," akaingia kwenye gari.

Tangu hapo kila Alhamisi mimi niko kwa omena na yeye analala mpaka jua liingie dirishani. Tairi la tano nimelirudisha kwenye buti, na mbele Karanja aliniwekea mawili mapya yanayolingana. Mambo ya spea kuingia zamu au kutoingia sina msimamo tena, wenye magari mapya amueni wenyewe, na muamue mapema. Nimeapa vitu viwili tu. Sitatuma sauti nikiwa na ugali mkononi, na sitasema "huyu" kabla sijaangalia kama ana miguu. Juzi nilimwambia Karanja, "Fundi, hilo la nyuma lijaze upepo, halafu hili ulikaze," akaniuliza kama niko mgonjwa.

Lakini Kisian haijaapa chochote. Alhamisi nikitokea tu na karai la omena, wale akina mama wanaanza, mmoja anamwambia mwingine kwa sauti ya kunifikia, "Spea imefika. Ipisheni ikae." Imefika, ikae. Nimewasikiliza wiki nyingi nikitafuta kosa, mwalimu wangu angewapa alama zote. Ngeli wameipatia kabisa, ila tu kwamba wanaongea juu yangu.